Swali Nililowauliza Sungura

Mwanangu Rehema,

Nakuandikia nikiwa dukani, saa tisa mchana. Mvua imewafukuza wateja wote, nami nimepata nafasi. Wewe, mama yako na mdogo wako Zuhura mmekwenda Mpuguso kumuaga bibi, na namjua bibi, hatawaachia mpaka mle. Kwa hiyo ninayo saa moja au mbili za kusema jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka mingi.

Mambo ya sweta, ya kutokula nyama usiyojua imechinjwaje, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema, na kesho stendi atayasema tena. Mimi sitaongeza. Ulipokwenda chuo Morogoro sikukuandikia barua, maana nilijua likizo ikifika utarudi na begi la nguo chafu. Safari hii unapanda ndege, tena unakwenda kujifunza kazi ambayo tangu uliponieleza imeninyima raha. Si kwamba ni kazi mbaya. Ni kwamba niliwahi kuifanya mimi, vibaya, hapa hapa mlangoni, na walioumia ni watu ninaowapenda.

Ilikuwa wiki iliyopita, jikoni. Ulikuwa unamenya ndizi, nikakuuliza hasa huko unakwenda kufanya nini. Ukasema, "Baba, kuna kemikali nyingi sana ambazo hakuna anayejua zinaufanya nini ubongo wa mtoto aliye tumboni. Njia ya zamani ni kuwapa panya au sungura wenye mimba, kisha watoto wao wanauawa na kupimwa. Inachukua muda mrefu, wanyama wengi wanakufa, na mwisho wa yote panya si mtu. Sisi tutaotesha seli za ubongo wa binadamu kwenye visahani vidogo, tuziwekee tone la kemikali, tuangalie kama zinakua na kushikana inavyotakiwa."

Nikakuuliza, "Kwa hiyo sungura hakuna?"

Ukacheka. "Sungura hakuna, baba."

Nikatoka nje. Ulidhani nakwenda kutawadha. Nilikwenda kusimama kwenye migomba mpaka pumzi zikatulia.

Sasa nisikilize.

Kabla hujaanza shule nilikuwa karani wa ghala la ushirika. Siku hizo dawa ya shamba ilikuja na bwana shamba, na bwana shamba alikuja na maneno mengi: vaa buti, funga pua, nawa kabla hujashika mtoto. Sisi makarani tulimcheka tukisema anapenda kuhutubia. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Ushirika ukadhoofika, ghala likafungwa, nikarudishwa nyumbani na barua ya kunishukuru. Biashara ikawa ya kila mwenye ujasiri, nami nilijiona ninao. Nikafungua duka hili. Dawa zilikuja kwa mapipa kutoka Mbeya, nyingine zilivushwa mpakani Kasumulu kutoka nchi jirani, na hakuna bwana shamba aliyekuja nazo.

Wakati huo tuliishi hapa dukani, chumba cha nyuma, wewe ukiwa na miaka mitano. Mapipa yalikaa humo humo, nyuma ya pazia la maua ambalo pengine unalikumbuka. Mimi nilikaa mbele nikizungumza na watu, maana kuzungumza ndiyo kazi niliyoiweza. Mama yako ndiye aliyepiga magoti kwenye sakafu, akimimina kwa faneli kutoka kwenye pipa kwenda kwenye chupa za soda. Alikuwa na mimba ya Zuhura. Alilalamika kichwa kinamuuma, nami nikamwambia ni mimba.

Pipa moja lilikuwa limebaki na nusu ya lebo yake. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kuisoma. Ilisema wajawazito na watoto wadogo wakae mbali na dawa hiyo. Niliisoma, Rehema, na niliielewa. Nikajiambia wale waliotengeneza wanaogopa kila kitu, na labda wanamaanisha tu mtu asiinywe. Sikumwambia mama yako. Baada ya siku chache nilikibandua kile kipande kwa ukucha, kwa sababu wateja walikuwa wananiuliza maana yake.

Hapo ndipo alipoingia Mama Anyitike, mkulima wa viazi wa Isongole. Alikuwa amembeba Anyitike mgongoni, na mwingine alikuwa tumboni. Alishika chupa akaigeuzageuza.

"Baba Rehema, hii dawa nitapuliza mwenyewe. Mume wangu yuko Chunya. Haitadhuru watoto?"

Ningeweza kumwambia sijui. Maneno hayo hayakuwa mazito kuliko mengine. Lakini watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri, na mwenye duka asiyejua anachouza ni mwenye duka wa namna gani? Nikamwambia, "Dada, njoo Ijumaa nikuonyeshe."

Nikanunua sungura wawili, dume na jike. Nikaweka tundu lao hapo barazani. Ijumaa watu walikuwepo, maana habari zilienea. Nilichukua majani ya kabichi, nikayapulizia dawa mbele yao, nikawapa sungura. Wakala. Jioni wakawa wanarukaruka. Kesho yake wakawa wanarukaruka. Wiki zikapita, jike akazaa watoto sita, wanono, wenye manyoya ya kung'aa. Mama Anyitike aliwaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akanunua chupa tatu. Watu walikuja hata kutoka Kawetele kuwaona sungura wa Baba Rehema. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu watoto. Wewe ulikuwa ukiwalisha majani na kuwapa majina, na mimi nilitembea mtaani kifua mbele kama daktari.

Zuhura akazaliwa. Alikuwa mzuri kiasi kwamba wauguzi waliitana kuja kumwona. Lakini alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Tulikuambia ni homa, kwamba alishikwa na degedege akiwa mchanga. Umekua ukiamini hivyo, na nimekusikia ukiwaeleza rafiki zako hivyo. Zuhura hakuwahi kupata degedege. Nilibuni mimi, siku moja shangazi yako aliponiuliza, na nilipoisema mara moja nikaona inatosha.

Nilimlaumu kila mtu. Niliulaumu ukoo wa mama yako, nikamwambia hivyo usoni. Na Zuhura alipofika darasa la kwanza, mwalimu akatwambia hashiki kitu, nikaamua kumfundisha mwenyewe kuhesabu. Hili unalikumbuka, najua, ingawa hatujawahi kulizungumza. Nilipanga maharage mezani. Akafika manne, akarudi mawili, akanitazama akitabasamu, akidhani tunacheza. Nilimchapa. Nilimchapa siku ile na siku zilizofuata, mpaka wewe ulipoichukua ile fimbo ukaitumbukiza chooni. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, hafanyi makusudi." Nilikufokea. Lakini sikutafuta fimbo nyingine, na nataka ujue kwamba ni kwa sababu yako.

Mwaka uliofuata wewe ukawa mkubwa wa kutosha kwenda shule ya bweni. Hukuwepo Mama Anyitike aliporudi.

Alikuja na mtoto wake wa pili, yule aliyekuwa tumboni wakati ule, binti wa umri wa Zuhura. Zuhura alikuwa barazani na sungura, maana ukoo wa wale sungura ulikuwa unaendelea, nilikuwa bado nawatumia kuwaonyesha wateja. Wale watoto wawili wakakaa pamoja wakiwalisha. Mama Anyitike aliwatazama, na mimi nikawatazama. Walifanana. Si kwa sura. Walifanana kwa namna walivyongoja kidogo kabla ya kila jambo, kama wanaosikiliza redio ya mbali.

Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Aliniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Baba Rehema, wale sungura wako, kuna hata mmoja aliyejifunza kuhesabu?"

Alimshika binti yake mkono, akaniaga vizuri, akaondoka.

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi maishani, msikitini na kwingine, lakini hakuna maneno yaliyonikata kama yale. Mimi niliwauliza sungura swali moja tu: mtakufa? Wakanijibu: hatufi. Nikalichukua jibu hilo nikawapa watu waliokuwa wameuliza swali jingine kabisa. Sungura akizaa mtoto mzito wa akili, nani atajua? Atakula majani, atanenepa, atauzwa. Hakuna mwalimu atakayemrudisha nyumbani.

Ingekuwa vizuri ningekwenda siku ile ile kwa mama yako nikamwambia ya lebo. Nilifanya jambo la kijinga zaidi. Nilitaka uhakika, au labda nilitaka kuambiwa si mimi. Nikachukua jike mmoja mwenye mimba, nikampa dawa kila siku kwenye maji, nikiongeza kidogo kidogo. Akazaa watano. Walikuwa wanatetemeka. Hawakujua kulitafuta ziwa la mama yao.

Asubuhi moja nilimkuta Zuhura amekaa chini kando ya tundu, kanga ya mama yako imejaa vile vitoto. Vingine vilikuwa vimekauka. Alikuwa anavigusa kimoja kimoja kwa kidole. Akaniambia, "Baba, wawili wamebaki."

Nilihesabu mimi. Ilikuwa kweli. Mtoto niliyemchapa kwa sababu ya maharage alikuwa amehesabu watano, akatoa watatu, akapata wawili, bila mtu kumfundisha, kwa kuwa aliwapenda. Akaniuliza wale wengine wanaumwa nini. Nikakaa naye sakafuni nikalia, na yeye akanifuta machozi kwa ule upande wa kanga uliokuwa mkavu.

Na unajua nini nilichojifunza kutokana na vifo vile? Hakuna. Sikujua kama kiasi nilichompa jike yule ndicho alichovuta mama yako chumba cha nyuma, au ni mara mia. Sikujua kama kilichowatetemesha wale ndicho kilichompunguza mwendo Zuhura. Nilijifunza tu kwamba naweza kuua sungura. Wale wawili wakafa kesho yake.

Jioni ya siku ile niliyolia na Zuhura nilimweleza mama yako yote: lebo, maneno niliyojiambia, ukucha wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulisoma kabla sijaanza kumimina, au baada?"

"Kabla," nikasema.

Akafunga nguo zake na za Zuhura, akaenda Mpuguso kwa bibi yako. Wewe uliandikiwa kwamba bibi anaumwa. Bibi alikuwa mzima, mwanangu. Niliyeumwa ni mimi. Muhula mzima nilikaa peke yangu humu ndani. Nilitoa mapipa. Nilimtafuta yule bwana shamba wa zamani, amestaafu na macho hayaoni vizuri, nikamwomba anisaidie kuyapeleka panapostahili badala ya kuyamwaga mtoni kama wengine walivyofanya. Nilikwenda Isongole kwa Mama Anyitike, nikamwambia ya lebo mbele ya mume wake. Mume wake alisimama kama anayetaka kunipiga, na ningemwachia. Mama Anyitike ndiye aliyemkalisha. Akasema, "Amekuja mwenyewe." Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema. Ananunua mbegu kwangu, ananisalimia, anauliza hali ya Zuhura. Nimejifunza kutodai zaidi ya hapo.

Mama yako alirudi siku ya soko, bila kuitwa na bila kusindikizwa na wazee. Aliingia na kapu lake, akatazama chumba cha nyuma, akaona sakafu nimeisugua na pazia nimelichoma. Akasema, "Zuhura amekumbuka nyumbani." Hatukuwa kama zamani. Tulikuwa watu wawili wanaojuana vizuri zaidi, na kwa kweli huyo ndiye mke niliyekaa naye mpaka leo. Ukiona namwachia neno la mwisho kwenye kila jambo la nyumba hii, usidhani ni uzee.

Sasa wewe. Sijui kama ni dawa ile. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Watoto wengine huzaliwa hivyo bila pipa lolote nyuma ya pazia, na wapo waliozaliwa na mama waliopuliza kila msimu na leo ni walimu. Daktari mmoja Mbeya aliniambia inawezekana, mwingine akasema haiwezekani kuthibitisha. Nimeishi humo katikati. Ulipoanza kuniambia habari za visahani, nilitaka kukuomba uniletee jibu la Zuhura. Usilitafute kwa ajili yangu. Hata likija, halitabadilisha nilichosoma na nilichonyamazia.

Ninachokuomba ni kingine. Uliniambia kisahani kimoja hakitoshi, kwamba lazima majibu ya vipimo vingi yawekwe pamoja, na kwamba bado wako wakubwa ambao hawaamini mpaka waone panya. Sina elimu ya kuingia kwenye ubishi huo. Nafurahi kwamba hakuna kiumbe atakayetetemeka kwenye kanga ya mtu kwa sababu ya kazi yako. Lakini usikipende kisahani chako kama nilivyowapenda sungura wangu. Kitakujibu vizuri, kitakupa sifa, watu watatoka mbali kuja kukiona. Kila mara jiulize umekiuliza nini hasa. Na ikitokea siku amesimama mbele yako mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akuulize kama kitu fulani ni salama, na wewe hujui, mwambie hujui. Atakasirika. Pengine wakubwa wako watakasirika zaidi. Wewe mwambie tu, kisha rudi kazini ukatafute.

Usinione kama ninakupa mzigo wa dhambi zangu uende nao ughaibuni. Ulichagua kazi hii bila kujua lolote kati ya haya. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema ni kwa sababu ya Zuhura, kwa sababu ya ile degedege, ulitaka kuelewa ubongo wa mtoto mdogo. Uongo wangu ndio uliokusukuma. Nimeona si haki upande ndege ukiwa umeushika huo mkononi.

Zuhura atakuwa salama hapa. Unajua alivyo na wateja, anakumbuka kila mmoja kwa sauti na anajua nani ana mgonjwa nyumbani. Wengi wanaingia kwa ajili yake, mbegu na misumari wangepata popote. Jana aliniuliza utakaa siku ngapi. Nikamwambia ni nyingi, zinapita mia saba. Akafikiri, akasema, "Basi nitahesabu mpaka nichoke, halafu wewe utaendelea." Tumekubaliana hivyo.

Mvua imepungua. Nawaona kule chini mnapandisha, mama yako mbele na mwavuli, wewe na Zuhura mmejifunika kanga moja. Nilikuwa nimepanga kuipenyeza barua hii chini kabisa ya sanduku, katikati ya nguo, uikute ukishafika, wakati kuna bahari kati yako na mimi na huwezi kuniangalia usoni. Nimebadili nia sasa hivi, nikiwaona. Nitakupa mkononi ukifika mlangoni, na nitamwomba mama yako na Zuhura watangulie nyumbani. Kaa hapa kwenye benchi uisome yote. Nitakuwa nyuma ya meza ya duka, siendi popote. Ukimaliza, niulize chochote unachotaka, nami kile nisichokijua nitakuambia sikijui.

Akupendaye siku zote,
Baba yako